Mbegu za mkorosho wa babu zimetoka hovyo, kwanini?

Swali limetoka kwa mwanafunzi wa kidato cha sita, Newala:

"Shikamoo mtaalamu. Babu ana mkorosho mmoja unazaa balaa na ubwiriunga (ule ugonjwa wa kuvu wa unga mweupe) hauusumbui sana. Akapanda mbegu zake, kila mche umekuja na tabia yake, mingine maua yanaungua yote. Ila aliyobebesha kwa vikonyo (vijitawi vinavyounganishwa kwenye mche mwingine) vya mti huohuo imetoka vilevile. Si tunafundishwa DNA ya mti ni ileile kila seli? Halafu ni kweli ubwiriunga unazoea dawa?"

Marahaba mdogo wangu. Chukua bibo lenye korosho yake. Bibo lenyewe sio tunda halisi, ni shina la ua limevimba, kwahiyo kila seli humo ina DNA ya mti mama, na ganda la korosho hivyohivyo. Sasa vunja korosho, ile nyeupe unayokula ni mtoto, nusu ya DNA yake imetoka kwenye chavua, na chavua kaileta mdudu ambaye hakuuliza katoka mti gani, inawezekana ule mbovu wa jirani. Babu kaonja bibo la mama akapanda mtoto.

Na hata ile nusu ya mama haiji kama ilivyo. Mkorosho unachavushana sana na wenzake kwahiyo jeni zake nyingi zina aleli mbili tofauti, yani matoleo mawili ya jeni moja, na kwenye meiosisi (mgawanyiko wa seli unaotengeneza mayai na chavua) kila yai linapata moja tu kwa bahati. Chukulia jeni 10 tu za namna hiyo zinazorithiwa bila kufuatana, hapo tayari una aina 1,024 za mayai, bado hujaweka chavua. Ulitegemea miche ifanane saa ngapi?

Kikonyo ni habari nyingine kabisa, kinakua kwa mitosisi, mgawanyiko wa kawaida wa seli, DNA inanakiliwa nzima, mti ule ule umehamia kwenye shina lingine.

DNA ileile ndio, ila jani sio bibo kwasababu hazisomwi jeni zilezile. Mbele ya jeni kuna promota, kipande cha DNA kinachofanya kazi kama swichi, protini fulani zikikaa hapo zinaita kimeng'enya cha kunakili, mRNA (nakala ya jeni) inatoka, ribosomu, kiwanda cha seli, inaisoma na kutengeneza protini, zikikaa za kuzuia basi kimya. Jeni zinazofanya bibo liwe tamu zipo mpaka kwenye mizizi, zimenyamazishwa tu.

Sasa ishu ya dawa. Kwenye mtihani usiandike "kuvu ilizoea", utapoteza maksi za bure. Ule unga mweupe kwenye maua ni mamilioni ya vijimbegu vya kuvu, na wachache kati yao wanaweza kuwa na mutesheni (mabadiliko kwenye DNA) kabla hata hujawasha mashine ya kupuliza, dawa inaua wengine, wao wanabaki wanazaana. Dawa za maji za kundi la triazoli zinapiga kimeng'enya kimoja kinachosaidia kutengeneza ergosteroli, mafuta ambayo kuvu inayahitaji kwenye utando wa seli, kwahiyo njia ya kuponyoka ni fupi. Na hapa ndio patamu: kwa kuvu kadhaa wa mazao mabadiliko hayapo kwenye kimeng'enya chenyewe, yapo kwenye promota yake, jeni ileile inasomwa kupita kiasi, kimeng'enya kinazalishwa kingi mpaka dozi ya kawaida haitoshi. Yani maswali yako yote mawili yanakutana hapohapo kwenye promota. Salfa ya unga inavuruga sehemu nyingi za seli kwa wakati mmoja, mutesheni moja haiokoi kitu, ndio maana watu wameipuliza miaka na miaka na bado inafanya kazi.

Kitu kimoja kwa babu, asibebeshe shamba zima kwa vikonyo vya ule mti mmoja hata kama anaupenda. Kuvu ikipata mutesheni ya kuushinda huo, imeshinda yote. Achukue vya miti minne mitano tofauti, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, wanazo aina zaidi ya moja.