Mbunge Kauliza, Mbona Barabara Haijajengwa?

SWALI: Mbunge wetu aliulizia bungeni barabara ya mtaa wetu. Waziri akajibu itajengwa "kadiri fedha zitakavyopatikana". Hadi leo hata greda hatujaliona. Tufanyeje?
Msomaji, Kivule, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, jibu lisilo na mwaka wala kiasi cha fedha halimbani mtu. Mara nyingi kosa huanzia kwenye swali: ukiuliza "Serikali ina mpango gani?", waziri atataja mpango wowote ule.

Kwanza jueni barabara ni ya nani. Za mitaani zinasimamiwa na TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), chini ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), tangu 2017. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania), chini ya Wizara ya Ujenzi.

Kisha mpelekeeni mbunge vielelezo: barabara inaanzia wapi, inaishia wapi, kalavati gani limesombwa, pamoja na picha za wakati wa masika. Aulize: "Kipande hiki kimetengewa shilingi ngapi mwaka huu wa fedha, na mkandarasi anaingia lini?" Akibabaishwa, abane kwenye maswali ya nyongeza, maana hayo waziri hayaoni mapema.

Msichelewe. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na Bunge la bajeti huanza Aprili pale Dodoma. Ukisubiri Septemba, fedha zimeshagawanywa.

Jibu la waziri limo kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, kwenye tovuti ya Bunge. Chapeni ukurasa huo, mwende nao TARURA wilayani pamoja na diwani, mkaulize kama barabara yenu imo kwenye mpango wa mwaka.