Kwa mwanangu, kuhusu ushuhuda wa bibi yako

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unasema darasani mmefika kwenye uamsho wa Afrika Mashariki, na mwalimu wenu amewaonyesha kwamba shuhuda za walokole, kuanzia Rwanda hadi Kenya, zina mpangilio uleule: nilikuwa mwenye dhambi, Yesu akanikuta siku fulani, nikatubu, sasa natembea nuruni. Unaniuliza kama bibi yako alikutana na Mungu kweli, au alifundishwa tu namna ya kusimulia.

Alifundishwa, mama. Uamsho ule una miaka yake na njia zake. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church walisali pamoja Namirembe, Kampala. Miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, Rwanda, penye hospitali ya misheni, ukashika Uganda, ukaingia huku kwetu Buhaya, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Bibi yako aliimba "Tukutendereza Yesu" kwa Kiganda, lugha ambayo sikumsikia akiitumia kwa shughuli nyingine. Wimbo aliupokea kwa ndugu waliomtangulia, na ushuhuda vivyo hivyo.

Lakini hata kilio cha msibani tunafundishwa. Mtoto anawatazama wakubwa mpaka anajua wapi pa kupaza sauti, wapi pa kunyamaza, na marehemu anatajwa kwa maneno gani. Mama aliyefiwa na mwanawe analia kwa maneno hayohayo ya watu wote. Nani atamwambia hajafiwa?

Nikueleze nilichokiona nikiwa mtoto. Baada ya bibi yako kusimama kwenye ushirika na kutubu, alijaza debe la kahawa, akajitwika, akaenda kwa jirani wa upande wa chini. Kwa muda mrefu alikuwa akichuma kahawa ya mibuni ya mpakani ambayo si yake. Alikwenda mchana, watu wakimwona, akalitua debe mlangoni, akasema, "Hii ni yako." Yule jirani, ambaye waligombana naye juu ya mpaka huo, hakujua amjibu nini. Babu yako alikasirika sana. Alihesabu kwamba nyumba yake imevuliwa nguo mbele ya kijiji.

Hasira ile nilikuja kuielewa ukubwani, na walionielewesha ni wasomi. Mwanahistoria Derek Peterson, katika utafiti wake uliotoka 2012, anaonyesha jinsi wazee wa sehemu nyingi walivyochukizwa na walokole kwa sababu walianika hadharani mambo ya ndani: wizi, uzinzi, ugomvi wa ndoa, mambo ambayo mtu mwenye heshima zake alipaswa kuyasitiri. Kanisa lenyewe liliwachoka. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26, akiwamo William Nagenda, aliyekuja kuwa kiongozi mmojawapo wa uamsho. Nilipoyasoma hayo, debe lile la kahawa liliongezeka uzito machoni pangu. Mwanamke aliyeolewa, asiye na shamba la jina lake, alihatarisha heshima ya nyumba nzima ili atengeneze na jirani. Bila vitabu ningelikumbuka debe tu.

Ndiyo maana sitaki uyaogope masomo yako. Msomi anaweza kukuambia ushuhuda ulitoka wapi, nani aliubeba, kwa nini ulishika kijiji hiki ukapita kile. Akivuka hapo na kusema kwamba basi hakuna Mungu aliyemkuta mtu, ameacha utafiti na ameanza kuhubiri. William James, mwanafalsafa na mwanasaikolojia Mmarekani, aliliona hilo zamani. Katika mihadhara yake ya Edinburgh, mwaka 1901 na 1902, aliwapinga wale waliodhani kwamba wakishasema Mtume Paulo alikuwa na kifafa, habari ya kukutana kwake na Yesu njiani kwenda Dameski imekwisha. Jambo lilianzaje ni swali moja, alisema. Lina thamani gani ni swali jingine, na thamani hupimwa kwa matunda yake.

Na mhubiri anayedai kwamba shuhuda zile zilishuka mbinguni bila kupitia kwa mtu, naye namkatalia. Anawafuta akina mama na vijana waliotembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji kuzipeleka.

Kinachonisikitisha katika vitabu hivyo ni kwamba walioandika barua na taarifa wamebaki, na wasioandika wametoweka. Bibi yako hakuacha hata ukurasa mmoja. Ukija Desemba nitakupeleka kwa mama wa Kamachumu aliyekuwa na bibi yako kwenye ushirika. Amezeeka lakini kumbukumbu yake ni nzima. Mwombe ruhusa kabla hujawasha simu kurekodi. Usianze kwa kumuuliza alihisi nini siku alipookoka, maana atakupa ule mpangilio mnaousoma, na ataishia hapo. Muulize alirudisha nini, kwa nani, na nyumbani walimpokeaje aliporudi.

Akupendaye,
Baba