Uliza Mchongaji: Waambie Vijana Wasilipasue Jabali

SWALI: Shikamoo mzee. Nina nyumba ndogo ya wageni hapa Mwanza, karibu na ziwa. Nataka kuweka bustanini sanamu ya twiga wa mita tatu wa jiwe la Kisii, kwani wale wadogo wanaouzwa madukani wamenivutia sana. Pale ninapotaka kumsimamisha pana jabali kubwa kama gari dogo. Vijana wameahidi kuja wiki ijayo kulipasua kwa moto wanivunjie kokoto. Je, twiga huyo atastahimili mvua? Na kumleta huku itakuwaje?
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Marahaba mwanangu. Huku Tabaka, kijijini kwetu Kisii, Kenya, shikamoo hatuisikii kila siku, kwa hiyo umeniweka kwenye kiti cha wazee nami nitakijibia. Kabla hujaendelea kusoma, wapigie simu vijana hao uwaambie wangoje. Unaishi kwenye Jiji la Miamba, halafu unaniandikia mimi nikuletee jiwe kutoka Kisii!

Tuanze na twiga. Mvua haina neno. Ndege wa mawe wa Great Zimbabwe, magofu ya mji wa kale huko Zimbabwe, walichongwa kwa jiwe la jamii hii hii, jiwe la sabuni, wakakaa nje karne na karne. Shida ya jiwe letu ni ulaini: kisu cha jikoni kinalikwaruza, na mtoto wa mgeni mwenye msumari ataandika jina lake ubavuni kabla chai haijapoa. Shida ya pili ni shingo. Miaka mingi iliyopita nilichonga twiga wa mita moja na nusu kwa mteja mmoja. Shingoni palikuwa na mshipa mwekundu, nikauona kuwa ni pambo. Siku ya kumpakia, mnyororo ulimvuta kidogo tu, mshipa ukafunguka, kichwa kikaanguka majanini. Miezi miwili ya kazi. Mteja hakunilaumu, lakini hakurudi.

Halafu kuna uzito. Mita moja ya ujazo ya jiwe letu ina karibu tani 2.7. Gogo la kumtoa twiga wa mita tatu halitapungua tani nane kabla ya kulipunguza. Ukishalipunguza mzigo unakuwa mwepesi, ila miguu na shingo navyo vimekuwa vyembamba, na kutoka hapa hadi kwako kuna kreni ya kupakia, mpaka wa Sirari, na kreni ya kushusha. Fedha zako nyingi zitaishia barabarani.

Sasa jabali. Hilo ni graniti, ni gumu mara nyingi kuliko letu, na limeshakaa hapo kabla ya babu zetu wote. Ningekuwa wewe ningelichonga papo hapo lilipo: hakuna lori, hakuna msingi wa zege, hakuna hofu ya kuanguka. Ila usimtafute twiga humo. Graniti haipendi vitu vyembamba. Lizunguke asubuhi, mchana na jioni, utazame mgongo wake unafanana na nani. Kwa jinsi ulivyolieleza, mimi naona kiboko aliyelala.

Ndiyo maana nikasema moto usubiri. Graniti ina chembe ngumu za kwatsi, na zikifika nyuzi 573 za Selsiasi hubadilika ghafla na kutanuka. Jiwe hulegea ndani hata pale ambapo kwa macho halijapasuka. Kama wameshawasha upande mmoja, pigapiga kwa nyundo ndogo usikilize. Jiwe zima hulia kama kengele. Lililooza hujibu kama mtungi wenye ufa. Kisha limwagie maji, uliache likauke: penye ufa patabaki mstari mweusi baada ya kwingine kote kukauka. Upande huo usichongwe.

Fundi wa vinyago vya mpingo hatakufaa kwa kazi hii, hata awe hodari namna gani. Tafuta mtu aliyezoea kuchonga graniti, mwenye patasi za ncha ya kabaidi na grenda yenye diski ya almasi. Kipande kikubwa kikilazimika kutoka, kitolewe kwa kutoboa mashimo kwa mstari na kugonga kabari za chuma polepole, moja baada ya nyingine. Mkazanie amwage maji wakati wa kukata na avae barakoa ya vumbi ya kweli, si kitambaa. Vumbi la graniti huganda mapafuni, na silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo, haina dawa ya kuiponya.

Mwambie pia asihangaike na nywele za masikio. Sanamu ya nje husomwa kwa kivuli. Kwenu jua la saa sita linasimama karibu utosini, basi tundu la jicho na mkunjo wa shingo vichimbwe kwa kina kuliko unavyodhani vinahitaji, la sivyo ukisogea hatua ishirini utaona jiwe tu. Na graniti ikisuguliwa hadi ing'ae huwa nyeusi zaidi, iliyogongwagongwa hubaki nyeupe. Mgongo wa kiboko ung'arishwe kama uliolowa maji, tumbo liachwe na makovu ya patasi. Hapo rangi ya dukani haihitajiki.

Ukilimaliza na bado unamtaka twiga, nitakuchongea wa sentimita arobaini, wa mapokezi. Huyo atakuja kwa basi.

SWALI: Mzee, nina beseni la ndege la jiwe la Kisii uani. Fundi amenishauri nilipake vanishi ling'ae. Jirani anasema mafuta ya kupikia. Nimfuate nani?
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Usimfuate yeyote kati yao. Vanishi nje hugeuka njano, kisha hubambuka kama ngozi ya aliyeungua jua. Mafuta ya kupikia hukusanya vumbi na siafu. Lisugue kwa msasa wa maji, anza na mkali umalizie na laini, liache likauke siku mbili juani, kisha upake nta ya nyuki nyembamba upande wa nje ukilisugua kwa kitambaa cha pamba. Ndani, ndege wanakonywea, usipake kitu.