Modeli imegoma: maswali ya wasomaji kuhusu solidi zilizoharibika

Barua za mwezi huu karibu zote zinalia kilio kimoja: modeli inapendeza kwenye skrini, lakini ukitaka kuifanyia kazi inakataa. Haitoboki, haiungani na mwenzake, au faili lenyewe halifunguki. Neno solidi nitalitumia sana hapa chini. Maana yake ni umbo ambalo kompyuta inajua lina ndani na nje, kama debe lililozibwa pande zote. Kila ukingo wake unashikwa na nyuso mbili, si moja wala tatu. Uso mmoja ukikosekana, au kingo mbili zisipokutana sawasawa, debe linavuja na programu haijui tena ndani ni wapi. Shida nyingi mlizoniandikia zinaanzia kwenye uvujaji huo.

Shikamoo Mwalimu. Nachora kwa AutoCAD katika karakana ya vyuma Changamwe. Nimeweka nguzo za ghala juu ya ramani ya mpimaji ardhi. Nikitoboa matundu ya bolti kwa SUBTRACT, mengine yanatoka, mengine yanakataa, na nguzo zote ni sawasawa. Nimefuta na kurudia mara tatu.

Marahaba, mwanangu. Jibu umelitaja mwenyewe: ramani ya mpimaji. Nilifungua faili ulilonitumia, nikaandika ID na kubonyeza kona ya bamba la chini la nguzo ya kwanza. Namba ya Y ilikuwa na tarakimu kumi kabla ya nukta.

Ramani za huku kwetu hupimwa kwa UTM, mfumo wa kutaja mahali duniani kwa mita, ukanda wa 37 Kusini. Kwa hesabu hiyo kisiwa cha Mombasa kiko karibu na mita 574,000 kwa mashariki na mita 9,552,000 kwa kaskazini. Kwa mpimaji namba hizo hazina tatizo. Lakini wewe unachora kwa milimita, kwa hiyo ramani ilipoingia ilikuzwa mara elfu, na nguzo yako sasa imesimama kwenye 9,552,000,000. Kompyuta huhifadhi kila namba kwa tarakimu 15 au 16 hivi. Kumi umeshazitumia kabla ya nukta, zimebaki tano au sita. Injini ya solidi iliyomo ndani ya AutoCAD ni ya ukoo wa ACIS, na ukoo huo huhesabu vipeo viwili kuwa kimoja vikikaribiana kuliko 0.000001. Huko ulikoiweka nguzo, hatua ndogo kabisa ambayo namba inaweza kupiga ni karibu 0.000002. Hatua yenyewe imekuwa kubwa kuliko kitu inachotakiwa kupima. Ndiyo sababu tundu moja linatoka na jirani yake linakataa: la kwanza namba zake zimeangukia vizuri, la pili zimeangukia vibaya.

Wengi hukimbilia kuhamisha UCS, yaani ile sifuri ya kuchorea. Haisaidii. UCS inabadilisha mahali unapoanzia kuhesabu wewe, lakini ndani ya faili nguzo imebaki na namba zake zilezile kubwa.

Fanya hivi. Chagua pembe moja ya jengo, andika namba zake kwenye daftari, kisha fungua faili jipya na uchore nguzo moja pale 0,0,0. Usihamishe ile iliyokwisha kuumia. Kosa lililokatwa kwenye namba zake halirudi likawa zuri kwa kusogezwa. Toboa matundu yote kwenye nguzo hiyo moja, halafu inakili kadiri ya idadi unayotaka. Ramani iache kwenye faili lake na uiite kwa XREF, amri ya kuonyesha faili jingine ndani ya mchoro wako, ikiwa imerudishwa nyuma kwa namba ulizoandika daftarini. Nimeijaribu nguzo yako namna hii na matundu yote yalitoka kwa amri moja.

Nimepiga AUDIT, ikasema makosa ni 0. Solidi bado inakataa kuungana. Niamini lipi? — Msomaji, Jomvu

Amini yote mawili. AUDIT kazi yake kubwa ni kukagua daftari la mchoro: leya, bloku, na viungo kati ya kitu na kitu. Mwili wa solidi una amri yake. Andika SOLIDEDIT, chagua Body, kisha Check, na ubonyeze solidi unayoishuku. Ikiwa nzima utaambiwa ni solidi halali ya ShapeManager, ndilo jina la injini ya solidi ya AutoCAD. Anza na ile uliyoichora mwisho, urudi nyuma moja moja.

Stima ilipotea nikiwa katikati ya kuhifadhi. Iliporudi, faili la DWG halifunguki. Ni kazi ya siku tisa na mteja anakuja Jumatatu. Kaka, nisaidie. — Kisauni

Pole sana, dada. Kwanza usihifadhi chochote kwa jina hilo, na usilifungue kwa pupa mara kumi. Linakili faili bovu kwenye folda nyingine, ufanye majaribio yote kwenye nakala.

Kabla ya lolote lifungue kwa Notepad. Utaona takataka za herufi, hiyo ni kawaida. Angalia herufi sita za kwanza tu. Zikiwa AC1032, hilo ni umbo la faili lililoanza na AutoCAD ya 2018. AC1027 ni la 2013. Ukiziona, mchoro au sehemu yake bado imo, na inafaa kuhangaika nalo. Ukiona ukurasa mtupu, au ukubwa wa faili ni sifuri, humo hamna kitu cha kuokoa. Usikeshe nalo, hamia kwenye nakala za akiba mara moja.

Nakala za akiba ni mbili. Pembeni ya DWG tafuta faili la jina hilohilo lenye mkia wa .bak. Badilisha mkia uwe .dwg na ulifungue: hiyo ndiyo kazi yako kama ilivyokuwa kabla ya kuhifadhi kwa mwisho. Ya pili ina mkia wa .sv$ na iko kwenye folda ambayo AutoCAD itakuonyesha ukiandika SAVEFILEPATH. Programu huifuta ukifunga vizuri, lakini stima ikikatika inabaki. Ibadilishe mkia vilevile. Linganisha saa za faili hizo mbili, uchukue iliyo mpya zaidi.

Zote zikikosekana na herufi za AC zipo, tumia RECOVER kwenye nakala. Ikishindwa, fungua mchoro mtupu na ulilete faili bovu kwa INSERT kama bloku. Mara nyingine mlango wa mbele umekwama na wa nyuma uko wazi. Solidi zitakazopatikana kwa njia hii zipitishe zote kwenye Check kabla ya kuziamini.

Miaka ya nyuma nilipoteza tangi zima la wiki mbili kwa kuchomoa flashi kabla kompyuta haijamaliza kuandika. Tangu hapo sifanyii kazi juu ya flashi kabisa. Nanakili kwenye kompyuta, nafanya, narudisha.

Mwalimu, nachora reli ya mashua kwa bomba la milimita 48.3. Kwenye kona SWEEP, amri ya kupitisha umbo juu ya njia, inakataa, au inatoa bomba lililojikunja kama kitambaa. — Mtwapa

Kona yako ina nusu-kipenyo cha milimita 20, na bomba lenyewe nusu yake ni milimita 24.15. Upande wa ndani wa kona bomba linajipita lenyewe, na solidi haiwezi kujipita. Panua kona ifike milimita 72, yaani mara moja na nusu ya kipenyo cha bomba, itakubali papo hapo. Na muulize anayekunja mabomba hapo Mtwapa ana kalibu ya ukubwa gani, kwa sababu kona ile ya milimita 20 hata mashine yake isingeiweza.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, natumia SolidWorks. Nimebadilisha kipimo kimoja tu, mti mzima, ile orodha ya hatua za kuchora, umejaa alama nyekundu, kama ishirini. Nianzie wapi? — Tudor

Marahaba. Anza na ya juu kabisa, na usiziguse nyingine. Mti ule unasomwa kutoka juu kwenda chini, na kila hatua imekaa juu ya iliyotangulia. Buruta ule mstari wa chini wa mti uupandishe mpaka chini ya alama nyekundu ya kwanza, tengeneza hiyo peke yake, kisha uushushe hatua kwa hatua. Ishirini zako huenda zikawa mbili. Halafu bonyeza Ctrl na Q, modeli ijengwe upya yote tangu mwanzo. Na mviringo wa kingo uweke mwisho wa kazi, ukianza na mikubwa. Nimeona umeuweka hatua ya tatu, na kila kitu kilichofuata kimeshikilia kingo ambazo sasa hazipo.

Nataka kuunganisha mabomba mawili yaliyolala ubavu kwa ubavu yawe kitu kimoja. SolidWorks inakataa, inalalamika unene ni sifuri. Lakini yanagusana! — Fundi wa kuchomelea, Likoni

Yanagusana, ndiyo, lakini kwenye mstari mmoja usio na upana. Kwenye mstari huo kingekuwapo ukingo unaoshikwa na nyuso nne, na nimesema juu kwamba solidi inataka mbili. Wewe unajua vizuri kuliko mimi kwamba karakanani mabomba hayo hayashikani kwa kugusana tu. Unapitisha weldi, na weldi ina unene. Basi chora kile unachokifanya: weka kipande cha weldi kinachoingia kidogo ndani ya mabomba yote mawili, kisha unganisha vyote vitatu. Au uyaache yawe miili miwili mbalimbali, maana kwenye orodha ya vifaa utayanunua mawili. Mimi ningeyaacha mawili.

Mhandisi wa meli iliyoko Kilindini amenipa faili la STEP la impela ya pampu, limetoka Ulaya. Kwenye FreeCAD inaonekana kamili, lakini nikiikata katikati ni ngozi tupu. — Shimanzi

Faili la STEP, la kupitisha modeli kutoka programu moja kwenda nyingine, ni maandishi, na ni wachache wanaojua unaweza kulisoma. Lifungue kwa Notepad. Mstari wa kwanza utasema ISO-10303-21. Sasa tafuta neno MANIFOLD_SOLID_BREP. Likiwapo, walikutumia solidi na imeumia njiani wakati wa kufunguliwa kwako. Likikosekana na badala yake ukakuta SHELL_BASED_SURFACE_MODEL, walikutumia ngozi tangu huko, na huna kosa lolote. Waombe waitoe tena kama solidi. Kwao ni kazi ya dakika.

Tafuta pia UNCERTAINTY_MEASURE_WITH_UNIT. Namba iliyo kwenye mstari huo ni mwanya ambao programu yao inauhesabu si kitu. Kwenye faili lako ni milimita 0.01. Injini ya FreeCAD, Open CASCADE, kwa kawaida inataka pengo lisizidi 0.0000001. Ukingo uliofungwa kwao, kwako uko wazi.

Kama meli haingoji, ingia sehemu ya Part, upitishe Check Geometry ujue nyuso zipi zina shida, kisha kwa Shape builder uzikusanye nyuso ziwe gamba, na gamba liwe solidi. Lakini chunguza mianya kwanza. Ikiwa ni ya sehemu ndogo za milimita, shona. Ikiwa kwenye mzizi wa panga la impela kuna nusu milimita nzima, usishone kwa nguvu. Chukua impela ya zamani, ipime kwa venia, uchore panga hilo upya. Pampu inazunguka, na umbo la kubahatisha litaonekana baharini.

Nimetengeneza nakshi ya mlango wa Mji wa Kale nichapishe kwa printa ya 3D. Imetoka ndogo kama kipande cha sabuni.

Faili la STL halibebi vipimo, linabeba namba tu. Ulichora kwa sentimita, printa ikasoma milimita. Ikuze mara 10.

Mzee, kesho saa moja asubuhi plasma inakata kifuniko cha tangi: bamba la 2,000 kwa 1,000, unene 12, na tundu la mtu la kipenyo 500 katikati. Tundu naliona kwenye skrini, lakini MASSPROP, amri ya kupima ujazo, inanipa 24,000,000. Check inakataa. Nikate nisikate? — Miritini

Hiyo 24,000,000 ni bamba lisilo na tundu. Zidisha mwenyewe: 2,000 mara 1,000 mara 12. Tundu linachukua karibu 2,356,200, kwa hiyo ulitakiwa kupata karibu 21,643,800. Unachokiona kwenye skrini ni picha ya tundu. Solidi haijatobolewa.

Plasma haihitaji solidi, inahitaji mistari. Usiku huu fungua faili jipya, chora mstatili na duara kwa mistari bapa, uhakikishe kwenye sifa za mstatili imeandikwa umefungwa. Pima mshazari, lazima uwe 2,236.07. Toa kwa DXF, hiyo ndiyo impe mwendesha mashine.

Solidi itengeneze baada ya hapo, usiisahau, kwa maana anayeleta kreni atakuuliza uzito. Chuma ni kilo 7,850 kwa mita ya ujazo. Bamba lako likiwa na tundu ni kilo 170. Modeli ya sasa ingekwambia 188.