RAM imeandikwa 3200, kompyuta inasoma 2133

SWALI: Fundi, habari za kazi? Nimeunda kompyuta ya kuhariri video za harusi na kucheza gemu kidogo. Prosesa ni Ryzen 5 5600G, ubao mama ni wa B450 wenye sloti nne za RAM, kadi ya grafiki sina. Nilinunua RAM mbili za DDR4, GB 8 kila moja, na boksi limeandikwa kasi ya 3200. Task Manager inaonyesha 2133, CPU-Z (programu ya kusoma taarifa za vifaa vya kompyuta) ndiyo kabisa, inaonyesha 1066! Muuzaji kaniambia niingie msconfig (mipangilio ya Windows), niweke tiki kwenye "Maximum memory". Nimeweka, hakuna kilichobadilika. Je, nimeuziwa feki? Halafu mdogo wangu ana RAM ya GB 8 ya 2400 imekaa tu, niiongeze? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Usiende dukani kugombana kwanza. Anza kwa kurudi msconfig uiondoe hiyo tiki. Kazi ya kisanduku kile ni kuizuia Windows isitumie RAM yote iliyopo, kasi hakiigusi. Ushauri huo unazunguka sana, na haujawahi kuongeza kasi ya RAM ya mtu yeyote.

Hiyo 1066 isikutishe. DDR hupitisha data mara mbili katika kila pigo la saa, na CPU-Z huhesabu mapigo, wakati Task Manager huhesabu data inayopita. Zidisha 1066 kwa mbili, unapata 2133 ileile. Ukifanikiwa kufika 3200, CPU-Z itasoma 1600 au 1598 hivi, nawe utulie.

Sasa kuna jambo hukuliuliza, nami naliona kubwa kuliko hilo la kasi: RAM zako umezichomeka sloti zipi? Wengi huzipanga jirani, ya kwanza na ya pili kutoka kwenye prosesa, kwa sababu zinapendeza hivyo. Kwenye bodi (ubao mama) nyingi za sloti nne, hizo mbili ziko chaneli moja, yaani njia moja ya data kati ya RAM na prosesa. Ni sawa na kupanga daladala zote foleni moja wakati barabara ya pili iko tupu. Fanya hesabu uone. Chaneli moja hubeba baiti 8 kila data inapopita, kwa hiyo kwa 3200 inapitisha GB 25.6 kwa sekunde. Chaneli mbili kwa 2133, kasi hiyo unayoilalamikia, zinapitisha kama GB 34. Maana yake, RAM "zilizolala" lakini zimekaa sloti sahihi zinazipita za 3200 zilizokaa vibaya. Ukipata vyote viwili, unafika GB 51.2.

Kwako wewe hili lina uzito zaidi, maana huna kadi ya grafiki. Grafiki iliyo ndani ya 5600G haina kumbukumbu yake, inakula kwenye RAM hiyohiyo. Mwenye kadi yake anaweza asione tofauti kubwa. Wewe utaiona kwenye gemu siku hiyohiyo.

Kwa hiyo zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, hamisha RAM ziende sloti ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa (mara nyingi zimeandikwa A2 na B2, hakikisha kwenye kijitabu cha bodi). Sukuma mpaka kishikizo kilie "ka!". Ukiwasha, fungua CPU-Z, ukurasa wa Memory, uone kama kwenye Channel imeandika Dual.

Baada ya hapo ndipo tuje kwenye 3200. Tazama lebo ya RAM yenyewe. Ikiwa imeandikwa 1.35V, jibu umelipata: DDR4 ya kawaida hutumia volti 1.2, na kasi ya 3200 kwenye RAM ya aina yako ni ya ziada, imehifadhiwa ndani ya chipu ndogo kama mpangilio unaoitwa XMP. Bodi haiuwashi yenyewe. Inaanza na kasi ya usalama, 2133 au 2400, inasubiri uiamuru.

Washa kompyuta huku unabonyeza Delete au F2 uingie BIOS, yaani mipangilio ya bodi yenyewe. Tafuta XMP. Kwenye bodi za MSI za AMD utaikuta kwa jina la A-XMP, za ASUS ni DOCP. Chagua Profile 1, bonyeza F10, hifadhi. Skrini ikibaki nyeusi kidogo au mashine ikijizima na kujiwasha, usiichomoe; bodi inazijaribu RAM.

Ikigoma moja kwa moja, chomoa umeme, toa betri ya duara ya CR2032 kwa dakika chache, irudishe. BIOS itarudi ilivyokuwa. Kisha weka toleo jipya la BIOS kutoka tovuti ya mtengenezaji wa bodi, ujaribu tena. Ikiwaka lakini inakwama katikati ya kazi, shusha kasi hadi 2933 huku XMP ikiwa imewashwa. Kwa vyovyote, acha MemTest86 (programu ya kupima makosa ya RAM) izunguke usiku mmoja kabla hujahariri harusi ya mtu. RAM yenye kosa huharibu faili kimyakimya, na harusi hairudiwi.

Kuhusu feki: CPU-Z ina ukurasa wa SPD, unaosoma taarifa zilizohifadhiwa ndani ya RAM. Ile "Max Bandwidth" ya 1066 isikuchanganye, RAM halali nyingi za XMP husoma hivyo. Shuka chini kwenye jedwali la timing, linaloorodhesha kasi zilizohifadhiwa. Ukiona safu ya XMP-3200, umeuziwa kitu halali. Ukikosa safu hiyo, na hakuna safu nyingine inayofika 1600, hapo sasa rudi dukani na boksi lako.

Wasomaji wenye Intel msikimbilie BIOS kabla ya kuangalia bodi. Bodi za H310 haziruhusu zaidi ya 2666, hata RAM iandikwe nini. Kompyuta nyingi za ofisi zinazouzwa mtumba hazina kabisa menyu ya XMP. Humo tafuta RAM ya 1.2V inayofika kasi unayotaka bila XMP.

RAM ya mdogo wako iache. Ukiichomeka, zote tatu zitashuka hadi 2400 au chini zaidi, na chaneli moja itabeba GB 16 huku nyingine ina 8. Auze tu. Siku ukihitaji GB 32, nunua boksi moja lenye mbili za 16, uziuze na hizi zako.