Wakala wa msimbo anachagua zana isiyofaa: maelezo ya zana yaandikweje?

SWALI: Habari za kazi. Tumetengeneza wakala wa akili mnemba anayeisaidia timu yetu kurekebisha msimbo. Ana zana tano: tafuta, soma_faili, hariri_faili, endesha_amri na endesha_majaribio. Kila moja ina maelezo ya sentensi moja, kama "Hutafuta kwenye mradi" au "Huhariri faili". Mara nyingi anaiacha tafuta na kwenda kutumia grep (amri ya kompyuta ya kutafuta maneno ndani ya faili) kupitia endesha_amri. Hariri_faili nayo inagoma, kisha anarudia ombi lile lile. Na akishahama folda, njia za faili (anwani zinazoonyesha faili iko folda gani) zinampotea. Tubadilishe modeli ya lugha inayomwendesha, au tuandike upya maelezo?

JIBU: Nzuri, ndugu. Modeli iacheni kwanza, andikeni upya maelezo. Dalili zote tatu mlizozitaja zinatoka hapo.

Modeli inapoamua ni zana gani iitwe, kuhusu kila zana inaona vitu vitatu tu: jina la zana, maelezo yake na skima ya parameta (orodha ya taarifa ambazo zana hupokea). Msimbo ulio ndani ya fanksheni inayofanya kazi ya zana hauoni, wala yale mliyokubaliana kwenye kikao. Kwa hiyo kanuni yoyote iliyofichwa ndani ya fanksheni, kwa modeli ni kanuni isiyokuwepo hadi iivunje.

Tuanze na tafuta. Modeli hizi zimefunzwa kwa msimbo na maandishi mengi ya terminali (dirisha la kuandikia amri), na grep imejaa humo. "Hutafuta kwenye mradi" haitoi sababu yoyote ya kuiacha njia iliyozoeleka. Wekeni mpaka pande zote mbili. Kwenye tafuta andikeni: "Tumia zana hii kila unapotafuta neno au jina la fanksheni ndani ya faili za mradi. Hurudisha njia ya faili, namba ya mstari na mstari wenyewe, hadi matokeo 50. Yakizidi, hutaja jumla ili upunguze eneo la kutafuta." Kwenye endesha_amri ongezeni: "Usiitumie kutafuta wala kusoma faili, kwa kazi hizo zipo tafuta na soma_faili." Semeni pia kama neno la kutafuta husomwa kama rejeksi (muundo wa kutafutia ambamo alama kama mabano zina maana maalumu) au kama maandishi ya kawaida. Jambo hili linaonekana dogo, lakini kama chini yake kuna ripgrep, programu ya kutafuta inayosoma rejeksi, wakala akitafuta lipa( atapata kosa la mabano yasiyofungwa, na huenda ndipo anapokata tamaa na kurudi kwenye terminali.

Hariri_faili ndiyo inayohitaji kazi kubwa zaidi. Nadhani yenu inafanya kazi kama nyingi za aina yake: inapokea maandishi ya zamani na maandishi mapya, inayatafuta ya zamani ndani ya faili na kuyabadilisha. Zana ya namna hiyo hugoma kwa sababu zinazojulikana. Maandishi ya zamani yanatokea zaidi ya mara moja. Nafasi za mwanzo wa mstari hazilingani. Wakala amenakili na namba za mistari ambazo soma_faili huzibandika pembeni. Au faili imebadilika baada ya kusomwa, kwa mfano programu ya kupanga msimbo imepita katikati. Maelezo yanayotosha yanaweza kusomeka hivi:

"Hubadilisha sehemu moja ya faili iliyopo. Isome faili kwa soma_faili kabla ya kuihariri. Maandishi_ya_zamani yafanane na yaliyomo kwenye faili herufi kwa herufi, pamoja na nafasi za mwanzo wa mstari, bila namba za mistari. Yatokee mara moja tu ndani ya faili. Yakijirudia, ongeza mistari ya juu na ya chini yake hadi yawe ya pekee ndani ya faili. Haiundi faili mpya."

Halafu tazameni ujumbe wa kosa, maana nao ni sehemu ya maelezo. Tofauti ni kwamba modeli inausoma baadaye. Ukirudisha "Imeshindikana" peke yake, wakala hana cha kubadilisha, ndiyo maana anarudia vile vile. Rudisheni: "Maandishi ya zamani yameonekana mara 3, mistari ya 18, 42 na 97. Ongeza mistari ya jirani." Hapo ombi linalofuata lina mahali pa kwenda.

Kuhusu njia za faili, Anthropic, watengenezaji wa modeli ya Claude, walieleza Desemba 2024 kwamba walikumbana na tatizo hili hili walipojenga wakala wao wa SWE-bench (kipimo cha mawakala wanaorekebisha msimbo): akitoka kwenye folda kuu ya mradi, alikosea njia fupi, zile zinazotegemea folda aliyomo. Waliibadilisha zana ili idai njia kamili kila mara, na makosa hayo yakaisha. Fanyeni hivyo. Parameta iitwe njia_kamili badala ya njia, mfano uwe ndani ya maelezo yake (/kazi/duka/src/malipo.py), na fanksheni ikatae chochote kisichoanza na mkwaju (/). Kizuizi kilicho ndani ya zana kina nguvu kuliko onyo. Kwenye endesha_amri, semeni wazi kama cd (amri ya kuhama folda) hubaki hadi mwito unaofuata au kila mwito huanzia folda kuu.

Urefu? Mwongozo wa Anthropic unashauri angalau sentensi tatu au nne kwa zana, na zaidi kwa zana ngumu. Kumbukeni maelezo ya zana zote hutumwa katika kila ombi na hulipiwa kwa tokeni (vipande vya maneno ambavyo modeli husoma), basi kila sentensi izuie kosa halisi. Kiswahili kwa kawaida hukatwa katika tokeni nyingi kuliko Kiingereza. Ni gharama inayokubalika, ila msichanganye majina, parameta iitwe njia_kamili huku na filepath kule.

Kupima, chukueni kazi kama 20 zilizokwisha kurekebishwa kwenye mradi wenu, mwendesheni wakala kwa kila moja mara kadhaa, maana majibu hubadilika. Kwenye logi hesabuni miito iliyogoma, miito iliyorudiwa kwa parameta zile zile, na mara grep ilipopita kwenye endesha_amri. Badilisheni maelezo ya zana moja, pimeni tena, kisha nendeni kwenye nyingine. Mkibadilisha zote pamoja hamtajua ipi imesaidia na ipi imeharibu.

Mpaka ukishaandikwa vizuri na wakala bado akapitia endesha_amri kutafuta, acheni kuongeza maneno. Ipeni endesha_amri orodha fupi ya amri zinazoruhusiwa, kama git (ya kutunza matoleo ya msimbo) na amri ya kujenga mradi, na ikiitwa kwa grep irudishe ujumbe unaomwelekeza kwenye tafuta.