Usisubiri Kuitwa Shule: Majibu kwa Wazazi wa Tanga

Tangu shule zifunguliwe, maswali yanayonifikia yanazunguka jambo moja: mzazi anataka kuwa karibu na shule ya mwanawe lakini haoni pa kuanzia. Nimefundisha shule za msingi hapa Tanga mpaka nikastaafu, kwa hiyo nawajibu kama mtu aliyekuwa akiwasubiri upande wa pili wa meza. Baadhi ya maswali nimeyafupisha.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mvuvi wa dagaa. Kikao cha wazazi kila mara kinawekwa asubuhi, wakati ndiyo kwanza natoka baharini au nimelala. Sasa mwalimu wa darasa amemwambia mwanangu kuwa baba yake hajali masomo. Nifanyeje? (Mvuvi, Sahare)

Marahaba, baba. Kauli ile haikustahili kusemwa mbele ya mtoto, na kwa niaba ya wenzangu nakuomba radhi. Walimu wengi wametoka bara, na hakuna aliyewaeleza maisha ya pwani yanavyokwenda. Mweleze wewe. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa inataka giza. Mwezi ukikaribia kumi na nne, mbalamwezi ikitanda, dagaa hawakusanyiki, vyombo vinakaa ufukweni nanyi mnashinda mkishona nyavu. Siku hizo ndizo zenu. Jikusanyeni wavuvi watatu wanne wenye watoto pale shuleni, mwendee mwalimu mkuu, mkamwombe vikao viangukie siku za mbalamwezi, tena alasiri. Tarehe ya kikao inapangwa na shule pamoja na kamati yake, haitoki wizarani. Na mwezi hauna siri: tarehe za mwaka mzima mnaweza kumwandikia kwenye karatasi moja.

Ila kikao kisikusumbue sana. Nilipokuwa nafundisha darasa la tatu, alinijia baba mmoja saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko, moja kwa moja kutoka pwani. Suruali ameikunja hadi magotini, chumvi imemkaukia miguuni, ndoo tupu mkononi. Akasimama nje ya mlango, hakutaka kuingia, akasema ananuka samaki. Nikamtolea daftari la hisabati la mwanawe. Alilifungua kwa ncha za vidole asije akalilowesha, akapekua ukurasa mmoja mmoja mpaka akafika mahali nilipoandika "Hakumaliza" mara tatu kwa wino mwekundu. Akauliza, "Hizi zilikuwa siku gani?" Tukatazama tarehe. Ni siku ambazo kijana alikwenda alfajiri kupokea mashua, akaja darasani amechoka. Baba yule hakusema neno jingine. Tangu wiki ile kijana hakuonekana tena pwani siku za shule.

Haikuzidi dakika kumi. Miaka yote ya vikao, hakuna kikao kilichonipa habari kama ile, wala kilichompa yeye. Kwa hiyo pita shuleni ukitoka baharini, na unavyonuka vivyo hivyo. Omba daftari.

Tunaambiwa elimu haina ada, lakini shule inataka mahindi na maharage, au pesa. Mwezi uliopita sikutoa, mwanangu akakalishwa kando wenzake wakinywa uji. Ni haki hii? (Mama wa watoto watatu, Makorora)

Mama, hapo una maswali mawili, na majibu yake hayafanani.

Kuombwa chakula si kosa. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, ulioanza kutumika Januari 2016, uliondoa ada na michango ya lazima. Waraka Namba 3 wa 2016 ukafafanua nani anabeba nini, na kwa mzazi yakabaki sare, madaftari, kalamu na chakula cha mtoto wa kutwa. Wengi wetu tulisikia "bure" tukaishia hapo hapo.

Kumkalisha mtoto kando ndilo kosa, na hili nalisema kwa uchungu. Anayedaiwa ni mzazi. Mtoto hakuhudhuria kikao, hakukubali kiwango, hana mfuko. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku walimu kukusanya michango na kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango. Mtoto anayetazama wenzake wakinywa uji amefukuzwa vilevile, tofauti ni kwamba yumo ndani ya uzio. Nenda kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, mwambie hivyo hivyo, na umwombe chakula kiwe cha wote huku madai yakimfuata mzazi.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu ugomvi mwingi wa chakula unatokana na kutokuwa na hesabu. Mwaka wa masomo una siku 194. Tukichukua gramu 50 za unga kwa mtoto kwa siku, ni kasoro kidogo ya kilo 10 kwa mwaka mzima. Watoto wako watatu ni kilo 30, yaani kilo 15 kila muhula. Kwa mama anayeuza vitumbua si kitu kidogo, lakini ukikijua mapema unaweza kukidunduliza. Mdai mwenyekiti karatasi yenye mambo haya: kila mtoto kiasi gani, mwisho lini, nani anapokea, nani ana ufunguo wa stoo. Bila ufunguo kuwa na mwenyewe, gunia huwa linapungua lenyewe.

Asiye na unga ana mikono. Nimeona shule ambako mama aliyekwama alipewa zamu ya kupika siku mbili kwa wiki, na hakuna aliyemdai tena. Na mimi bado sielewi kwa nini tung'ang'anie mahindi ya kutoka mbali wakati muhogo na nazi tunavyo hapa hapa. Lisemeni kikaoni.

Kundi la WhatsApp la darasa limejaa vichekesho, matangazo ya vitenge na ugomvi. Nimejitoa, sasa habari za shule zinanipita. (Mzazi, Mabawa)

Rudi, lakini rudi na ombi. Kundi linaweza kufungwa ili msimamizi peke yake ndiye aandike. La soga lianzishwe pembeni kwa wanaolitaka. Jambo la mtoto mmoja, iwe maksi, ugonjwa au deni, lisiandikwe mbele ya wazazi sitini. Mwalimu ampigie mhusika. Na saa tatu usiku mwalimu naye ni mama au baba wa watu, mwacheni alale.

Halafu wako wazazi wasio na simu ya kuperuzi, na ni wengi kuliko tunavyodhani. Hao wanahitaji ubao wa matangazo, tena uwe getini, si ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu ambako mzazi anaogopa kuingia. Hapa Tanga kutoa habari za shule si jambo geni. Shule ya serikali waliyoijenga Wajerumani miaka ya 1890 ndiyo iliyokuwa ikichapa gazeti la Kiswahili la *Kiongozi* mwanzoni mwa karne ya 20, likasomwa mbali na hapa. Kama gazeti zima liliwezekana wakati ule, karatasi moja kila Jumatatu haiwezi kutushinda leo.

Mwanangu, ameniandikia jirani. Nalea mjukuu wa darasa la pili, wazazi wake wako Dar es Salaam wanatafuta. Mimi sikusoma. Nitamsaidia vipi? (Bibi, Duga)

Shikamoo, mama. Unaweza kumsaidia kuliko unavyojidhania.

Darasa la kwanza na la pili kazi yake kubwa ni KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Jioni, kabla giza halijaingia, mketishe mkekani akusomee kwa sauti huku kidole kikifuata maneno. Wewe mtazame macho. Mtoto anayesoma hujikwaa, hurudi nyuma, hujaribu tena. Aliyekariri hutiririka kama maji huku anakutazama wewe. Ukimshuku, weka kidole chako popote katikati ya ukurasa umwambie, "Niambie hili tu." Akishindwa, umeshajua, na hukuhitaji kujua herufi hata moja.

Hesabu anayo nyumbani. Ahesabu nazi, agawe maharage mafungu matatu sawa, aende dukani na akueleze chenji kabla hajakukabidhi. Na usiache vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" Mtoto mwenye maneno mengi kichwani akiliona neno limeandikwa hulitambua upesi, kwa sababu alishalisikia kinywani mwako.

Kila baada ya wiki mbili mwone mwalimu wake na umuulize swali hili moja: "Anasoma maneno, au bado yuko kwenye herufi?" Usikubali kuambiwa "anaendelea vizuri", hilo si jibu. Na wale wa Dar wakipiga simu Jumapili, mpe mtoto simu awasomee ukurasa mmoja. Salamu ziwe baadaye.

Mwanangu wa kike, darasa la tano, amechapwa mgongoni na mwalimu wa kiume hadi akavimba, kwa kuchelewa tu. Nikilalamika naogopa atachukiwa. (Mzazi, Chumbageni)

Lalamika. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 ziko wazi: anayechapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi; viboko havizidi vinne; ni kwa makosa makubwa; mtoto wa kike huchapwa na mwalimu wa kike, labda kama shule haina hata mmoja; na adhabu huandikwa kwenye kitabu maalumu. Vinakwenda mkononi au makalioni juu ya nguo, mgongoni havimo. Katika uliyoniandikia, karibu kila kifungu kimevunjwa.

Kwanza mpeleke mtoto hospitali, upate maandishi. Kisha mwone mwalimu mkuu, umwombe akuonyeshe kitabu hicho. Usiporidhika, kuna afisa elimu kata, kuna ofisi ya ustawi wa jamii, na kwa majeraha kuna dawati la jinsia na watoto polisi. Namba 116 ni ya huduma kwa mtoto, kuipiga ni bure. Kuhusu kuchukiwa: katika miaka yangu shuleni, mtoto aliyechapwa hovyo alikuwa yule ambaye walimu walijua kwao hakuna atakayekuja kuuliza.

Nimechaguliwa kamati ya shule. Kikao cha kwanza nimeletewa muhtasari nisaini, pesa zilishatumika. Nisaini? (Mjumbe mpya, Pongwe)

Kilichokupita usikisaini kana kwamba ulikuwepo. Omba mambo yaanze upya mbele yako, bila ukali. Mara nyingi ni mazoea tu ya kufanya haraka. Mwalimu mkuu ndiye katibu wa kamati, lakini kamati si karani wake.

Jifunze namba moja kwanza, ya ruzuku. Elimu bila ada ilipoanza 2016, kiwango kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kilikuwa Sh10,000 kwa mwaka, Sh6,000 zikiingia akaunti ya shule na Sh4,000 zikibaki kwa ajili ya vitabu. Kwa kiwango hicho shule ya watoto 600 hupata Sh3,600,000 kwa mwaka, sawa na Sh300,000 kwa mwezi. Humo humo kuna chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika na bomba la choo. Ukiijua namba hiyo utauliza "mwezi huu zimeingia ngapi?" na utamhurumia pia mwalimu mkuu, kwa sababu utaona anavyozinyumbulisha. Mapato na matumizi yabandikwe ubaoni. Anayebandika hasumbuliwi na maneno ya mtaani.

Ni kweli wa darasa la tano mwaka 2026 hawatafika la saba? (Baba, Msambweni)

Ni kweli. Walioanza darasa la tatu Januari 2024 waliingia kwenye mtaala ulioboreshwa, ambao elimu ya msingi ni miaka sita. Watamaliza 2027, mwaka mmoja na wale wa darasa la saba waliowatangulia. Mwaka 2028 kidato cha kwanza kitapokea makundi mawili kwa mpigo, kwa hiyo ulizieni mapema habari za madarasa na madawati ya sekondari ya kata yenu.

Mwanangu wa darasa la nne anabakizwa masomo ya ziada hadi saa kumi jioni, na chuoni, yaani madrasa, wanaanza saa tisa. Mwalimu anamgombeza, ustadhi anamgombeza. (Mama, Ngamiani)

Mtoto wa miaka kumi amefanywa tarishi kati ya watu wazima wawili ambao pengine wanakutana kila siku kwenye duka moja la mkate. Mwalimu ana haraka yake, maana darasa la nne lina upimaji wa kitaifa mwisho wa mwaka. Ustadhi naye ana juzuu ya kumaliza.

Wakutanishe. Mwombe ustadhi mwende wote shuleni, nusu saa inatosha. Nilishawahi kukaa kikao cha namna hiyo. Tulikubaliana masomo ya ziada yawe Jumatatu, Jumanne na Jumatano, chuo kichukue Alhamisi na Ijumaa, na Jumamosi asubuhi chuo kirefushwe kufidia. Ustadhi mwenyewe ndiye aliyependekeza. Kabla hamjaachana, waambie wote wawili wakuachie saa moja kila siku, kati ya dawati na jamvi, mtoto apate kula na kucheza.